Uingereza: Starehe ya magari ya kale na meza za spea zinazoiweka hai

Jumapili moja ya mwezi Aprili, kila mwaka, barabara nyembamba za vijijini Uingereza hujaa magari ambayo kwingineko yangekuwa yameuzwa chuma chakavu zamani. Ni magari mafupi ya viti viwili, mengi hayana paa, yamepakwa kijani iliyokolea au nyekundu. Dereva amevaa kofia na koti zito, na mwenzake amekunja ramani ya karatasi mapajani. Hawana haraka. Wanakwenda kwenye baa ya kijiji kilicho umbali wa maili 30 au 40, watakunywa chai, watafungua boneti, watazungumza saa mbili, kisha watarudi nyumbani kwa njia nyingine.

Siku hiyo huitwa Drive It Day. Imewekwa na shirikisho la klabu za magari ya kihistoria la nchi hiyo, FBHVC, kukumbuka msafara wa maili 1,000 ulioanza London tarehe 23 Aprili 1900. Wakati huo wananchi wengi walikuwa hawajawahi kuona gari kwa macho. Waandaaji waliyapeleka magari hadi Edinburgh na kuyarudisha London ili watu waamini kwamba chombo hicho kinaweza kusafiri bila kuvutwa na farasi.

Kwa mtu anayeamka alfajiri kupanga foleni Namanga, Busia au Rusumo, haya yanaweza kuonekana kama mchezo wa wazungu wenye fedha na nafasi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mchezo huu unalisha watu wengi. Utafiti wa FBHVC uliotolewa 2020 ulihesabu magari kama milioni 1.5 yenye zaidi ya miaka 30, na ukakadiria kwamba yanazungusha pauni bilioni 7.2 kwa mwaka katika uchumi wa nchi. Fedha hizo hazitoki kwa mabilionea peke yao. Nyingine zinatoka kwa mwalimu mstaafu anayenunua pampu ya maji, kwa fundi bomba anayetafuta mpira wa mlango, na zinaingia mfukoni mwa muuza spea mwenye meza moja na gari moja la mizigo.

Muuza spea huyo ndiye aliyeguswa mapema mpaka uliporudi kati ya Uingereza na Ulaya.

Gari lenyewe

Anayetaka kuelewa mapenzi haya aanze na MGB. Gari hili la spoti lilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani. Injini yake ni ya lita 1.8, yenye kabureta, na hakuna kompyuta hata moja ndani yake. Mtu mwenye spana, bisibisi na subira anaweza kulifungua mwenyewe Jumamosi na kuliendesha Jumapili. Triumph Spitfire, mshindani wake wa Coventry, ni rahisi zaidi: boneti yote hufunuka kwenda mbele pamoja na mabawa, kiasi kwamba mwenye gari huweza kukaa juu ya tairi la mbele huku akihudumia injini.

Juu ya hayo kuna ngazi nyingine. Kuna Austin-Healey, kuna Lotus za mwili mwepesi, kuna Morgan wa Malvern ambao hadi leo hutumia mbao za mti wa mwesh katika kiunzi cha gari. Na kuna Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwezi Machi 1961 na kuwafanya watu wazima wasahau walichokuwa wakisema. E-Type nzuri leo huuzwa kwa fedha za kununulia nyumba katika miji mingi ya Afrika Mashariki. MGB ya kawaida inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, ndiyo maana kwenye mikutano mingi ya vijijini ndiyo utakayoiona kwa wingi.

Isisemwe kwamba magari haya ni mazuri kwa kila kipimo. Yanavuja oili. Mvua ikianza, kufunga paa la turubai ni kazi ya watu wawili na maneno machache yasiyofaa kuchapishwa. Umeme wake umekuwa kichekesho cha miaka mingi: kampuni ya Lucas ya Birmingham, iliyotengeneza taa na dainamo za magari mengi ya Uingereza, ilitaniwa kwa jina la Mwana wa Mfalme wa Giza. Lakini kiti kiko karibu na lami, upepo unapiga usoni, na mwendo wa kilomita 70 kwa saa unahisiwa kama 120. Dereva anasikia kila gia ikiingia. Madereva wawili wa magari ya kale wakipishana huinuliana mkono, kama madereva wa malori ya masafa marefu wanavyopigiana taa kwenye barabara ya Mombasa hadi Kampala.

Mikutano ni ya aina nyingi. Midogo kabisa ni ile ya klabu, jioni moja kila mwezi katika baa ileile, ambako mgeni akija na gari bovu huondoka na ushauri wa watu kumi, wote tofauti. Klabu ya magari ya MG, MG Car Club, ilianzishwa 1930 na bado ina matawi nchi nzima. Mikubwa ni ya siku mbili au tatu. Goodwood, kusini mwa nchi karibu na Chichester, kuna njia ya mashindano iliyotumika kuanzia 1948 hadi 1966. Mwaka 1998 ilifunguliwa upya kwa tamasha la Septemba linaloitwa Revival, na watazamaji huja wamevaa kama baba na babu zao walivyovaa miaka ya 1940, 1950 na 1960. Magari yanashindana kwelikweli. Gari la mamilioni hugongwa ubavuni, na mwenyewe hutabasamu mbele ya kamera. Anachosema akifika nyumbani ni siri yake.

Ambao hawapendi msongamano wa Goodwood huenda Shelsley Walsh, Worcestershire, ambako tangu 1905 magari hupanda mlima wa yadi 1,000, moja moja, yakishindana na saa. Hapo mtazamaji hutembea katikati ya magari yanapoandaliwa, akanusa petroli na kumwuliza dereva swali. Kwa shilingi anayoitoa, huenda hii ndiyo starehe bora kuliko zote.

Huko Bicester, Oxfordshire, uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi umegeuzwa kuwa mji wa mafundi. Kwenye mabanda ya matofali yaliyojengwa kwa ajili ya ndege za vita sasa kuna gereji za kunyoosha bodi, kushona viti na kusaga injini, na mara kadhaa kwa mwaka milango hufunguliwa kwa umma. Jambo la kuangalia hapo ni chuo cha ufundi, Heritage Skills Academy. Vijana hufundishwa kurekebisha kabureta na kupinda bati kwa mkono, ujuzi ambao fundi yeyote wa gereji za mitaani kwetu anao bila cheti. Uingereza imelazimika kuufungulia darasa kwa sababu wazee waliokuwa nao wanaondoka.

Sheria nayo imesaidia. Gari likifikisha miaka 40 linaweza kusajiliwa katika kundi la magari ya kihistoria, na mwenyewe halipi kodi ya barabara ya kila mwaka. Tangu Mei 2018, gari la umri huo ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, ingawa mwenye nalo bado anawajibika likiwa bovu barabarani. Katika jiji la London, ambako magari yanayochafua hewa hutozwa pauni 12.50 kwa siku na ukanda wa tozo ulipanuliwa hadi mitaa yote ya jiji Agosti 2023, magari ya kihistoria yamesamehewa. Kwa hiyo dizeli ya mwaka 2010 inalipa, na MG ya 1965 inapita bure. Wakazi wengi wa London wasio na magari ya kale hawajakubali kwamba hilo ni haki, na hoja yao si nyepesi.

Beaulieu, soko la kutandaza

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki akipata nafasi ya kuhudhuria mkutano mmoja tu, asiende Goodwood. Aende Beaulieu.

Katika kijiji hicho, ndani ya msitu wa New Forest, ndiko liliko Jumba la Taifa la Makumbusho ya Magari. Tangu 1967, kila Septemba, viwanja vyake hugeuzwa soko la spea, likiwa na meza zaidi ya elfu moja. Bidhaa zimetandazwa mezani, juu ya maturubai na kwenye nyasi: dainamo, saa za dashibodi, taa za shaba, rimu za nyaya, vitabu vya maelekezo vyenye alama za vidole vya fundi aliyefariki zamani. Atakayekumbuka Kirinyaga Road ya Nairobi, Kisekka ya Kampala au Gerezani ya Dar es Salaam hatapotea. Mnunuzi anafika alfajiri, anakisogelea kitu anachokitaka huku akijifanya anatazama kingine, anauliza bei ya vitu vitatu asivyovihitaji kwanza. Bei hushuka saa za mwisho, muuzaji anapofikiria uzito wa kupakia tena.

Mzozo wa Beaulieu pia ni ule ule wa Kirinyaga Road: orijino na feki. Spea mpya za magari haya bado zinatengenezwa. Witney, Oxfordshire, kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitoa bodi nzima mpya ya MGB tangu 1988, kwa kutumia mitambo iliyotumika kiwandani awali. Klabu nazo hukusanya oda za wanachama na kuagiza kifaa kilichokwisha sokoni kitengenezwe upya. Lakini kuna na vipuri vya bei nafuu, vinavyoagizwa kutoka nje, ambavyo hupendeza ndani ya boksi na kufa baada ya safari mbili. Ndiyo maana boksi chakavu la kadibodi lenye spea ya mwaka 1964 ambayo haijawahi kufungwa kwenye gari linaweza kuuzwa ghali kuliko jipya linalong'aa pembeni yake.

Karatasi nazo ni bidhaa. Makumbusho ya Gaydon, Warwickshire, yanahifadhi daftari za viwanda vingi vya zamani, na kwa ada hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitoka kiwandani tarehe gani, likiwa na rangi gani, namba gani ya injini, na lilipelekwa kwa wakala yupi. Gari ambalo injini yake ndiyo ileile iliyoandikwa kwenye daftari huuzwa kwa bei ya juu kuliko pacha wake aliyebadilishwa injini.

Mpaka uliporudi

Hadi mwisho wa mwaka 2020, muuza spea wa Uholanzi au Ufaransa alipakia gari lake la mizigo, akavuka bahari kwa feri, akatandaza Beaulieu na kurudi na kilichobaki. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mwingereza naye alikwenda kwenye masoko ya aina hiyo Ulaya kwa utaratibu huohuo. Tarehe 1 Januari 2021 Uingereza ilitoka kwenye soko la pamoja la Umoja wa Ulaya, na pampu ya maji ikawa bidhaa ya kimataifa.

Sasa kila kifurushi kinachovuka kinahitaji tamko la forodha. Anayekuja Uingereza na bidhaa za kuuza ndani ya begi au gari dogo anaweza kutumia utaratibu mwepesi kwa njia ya mtandao, mradi thamani isizidi kikomo kilichowekwa. Wafanyabiashara wetu wataufahamu mara moja: unafanana na ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao mzigo usiozidi dola 2,000 huvushwa kwa cheti rahisi cha uasilia. Tofauti ni kwamba huku kwetu utaratibu huo uliwekwa kupunguza kikwazo kilichokuwapo, na kule umewekwa kwa sababu kikwazo kimezaliwa upya.

Ugumu mkubwa uko kwenye uasilia. Mkataba wa biashara kati ya pande hizo mbili unafuta ushuru kwa bidhaa zilizotengenezwa Uingereza au Ulaya. Lakini kifaa kilichotengenezwa Asia, kikakaa kwenye ghala la Uingereza, kisha kikauzwa kwa mteja wa Ujerumani, hakina uasilia wa Uingereza hata kama kimeandikwa MG. Kinatozwa ushuru mara ya pili. Kisha Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22, kwa hiyo hata gasketi ndogo ikaanza kulipiwa kodi. Kampuni kubwa inayouza spea inaweza kufungua ghala ndani ya Ulaya na kumaliza shida. Mwenye meza moja hana ghala. Kwake, saa mbili za kujaza fomu kwa bidhaa ya pauni 15 ni hasara kabla hajauza.

Matembezi yenyewe yamesumbuliwa kidogo tu. Mwenye gari anayekwenda kutazama Le Mans Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza Ufaransa mwaka 2002 na ambayo Waingereza huyajaza, anavuka na kadi yake ya usajili na kibandiko cha herufi UK nyuma ya gari, kilichochukua nafasi ya GB tangu Septemba 2021. Anayepeleka gari la mashindano juu ya trela, na mapipa ya spea pembeni, hushauriwa kuchukua karneti ya ATA, hati inayoorodhesha kila kitu kinachoingia na kutoka. Kuorodhesha plagi na spana moja moja si starehe.

Na bado mlango wa kuingizia magari yenyewe Uingereza umeachwa wazi kwa namna ambayo wafanyabiashara wa magari watapenda kuisikia. MG na Triumph nyingi ziliuzwa Marekani, na zile zilizobaki California, ambako mvua ni chache na barabara hazimwagiwi chumvi wakati wa baridi, hazikuoza. Leo zinanunuliwa huko na kurudishwa nyumbani. Gari lenye zaidi ya miaka 30, lililo katika hali yake ya asili na lisilotumika kwa kazi za kila siku, linaweza kuingizwa chini ya namba ya forodha 9705, ya vitu vya wakusanyaji: ushuru sifuri na VAT ya asilimia 5 badala ya 20. Mwingizaji huarifu mamlaka ya kodi ndani ya siku 14, klabu humpa barua ya kuthibitisha mwaka wa gari, usukani huhamishwa kutoka kushoto kwenda kulia, na gari linapata namba ya umri wake.

Huku kwetu mambo yako kinyume. Kenya haipokei gari la kawaida lililopita miaka minane. Uganda imezuia yaliyozidi miaka 15 tangu 2018, na Tanzania huongeza ushuru kadiri umri unavyoongezeka. Sababu zinaeleweka: kwetu gari kuukuu ni chombo cha kazi cha kila siku, linabeba abiria na kutoa moshi, wakati MGB ya Uingereza hutoka nje siku za jua tu.

Hata hivyo eneo hili halikosi nafasi katika mazungumzo ya mikutano hiyo. Safari Rally ilianza 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani, ilishinda 1971, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda; hadi leo 240Z ikiegeshwa kwenye mkutano Uingereza, neno Safari halikawii kutajwa. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, ya magari ya zamani, na gereji ya Tuthill iliyoko Oxfordshire imejipatia jina kwa kuandaa Porsche 911 zinazosafirishwa kuja kushindana kwenye vumbi letu. Nairobi nayo ina maonyesho yake ya magari, Concours d'Elegance, tangu 1970.

Msimu wa Uingereza hufungwa Jumapili ya kwanza ya Novemba kwa magari ya kale kuliko yote. Ni yale yaliyotengenezwa kabla ya 1905, yanayosafiri maili 60 kutoka Hyde Park, London, hadi Brighton kwenye ufuo wa kusini. Safari hiyo hukumbuka tarehe 14 Novemba 1896, sheria mpya ilipoyaruhusu magari kwenda maili 14 kwa saa na kuondoa sharti la mtu kutangulia mbele kwa miguu. Baadhi ya magari huletwa kutoka ng'ambo ya bahari, na wenye nayo wamekwisha jaza karatasi zao. Kabla jua halijachomoza, mbele ya magari yanayotetemeka na kutoa moshi, bendera nyekundu huchanwa vipande viwili, na msafara unaondoka.